Bi Chanzo na Mharibifu wa Kipimamvua

Mtaani walimwita Bi Chanzo, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Muuza nyanya akimwambia kwamba nyanya zimechumwa asubuhi hiyo hiyo, yeye huinua miwani na kuuliza, "Chanzo?" Jirani akimletea habari kwamba maji yatakatwa Jumatatu, humuuliza ameambiwa na nani, na huyo naye aliambiwa na nani. Umbea ukifika mlangoni kwake ulikufa njaa. Ile methali ya lisemwalo lipo aliichukia kabisa. Alisema imetungwa na mvivu wa kuuliza.

Alikuwa mwalimu wa historia kwa miaka thelathini na minne, na alipostaafu hakujua afanye nini na ile kalamu nyekundu iliyobaki mkononi. Ndipo binti yake, kabla hajaolewa mji mwingine, alipomwonyesha kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaisoma na mtu yeyote anaihariri.

"Mtu yeyote?" aliuliza Bi Chanzo.

"Yeyote, mama."

"Hata mwongo?"

"Hata mwongo. Ndiyo maana wanahitaji watu kama wewe."

Basi akaingia na hakutoka. Miaka sita sasa, kila asubuhi baada ya chai, hukaa kwenye meza ya chumba cha mbele, hufungua orodha ya mabadiliko ya karibuni na kuipitia mstari kwa mstari kama anayechagua mchele. Na aliyoyakuta humo, we acha tu! Mtu aliandika kwamba twiga hutaga mayai. Mwingine alimwingiza mwalimu mkuu wake katika orodha ya wanyama wala majani. Kuna aliyemuua mwanamuziki ambaye jioni ile ile alikuwa jukwaani anaimba. Bi Chanzo hurejesha ukurasa ulivyokuwa, huandika sababu kwa maneno mawili matatu, na kusonga mbele. Anayeongeza jambo la maana humkaribisha vizuri na kumfundisha kanuni yake: chanzo kimoja ni tetesi, viwili ni habari.

Wenzake wa mbali, asiowajua hata kwa sura, walimchagua kuwa mkabidhi, yaani mmoja wa wachache waliopewa funguo. Mkabidhi anaweza kuufunga ukurasa usiguswe ovyo, na anaweza kumfungia mharibifu nje. Tena ana kitufe kimoja cha ajabu: ukikibonyeza, mabadiliko yote yaliyofuatana ya mtu mmoja yanafutika kwa mpigo, yawe matatu au ishirini, bila wewe kuyafungua moja moja. Kitufe hicho Bi Chanzo alikipenda kuliko inavyofaa.

Mumewe hakuwa mtu wa kompyuta. Yeye alikuwa mpima mvua, na mtaa mzima ulimwita Mzee Mvua. Kwa miaka thelathini na mmoja, saa tatu kamili asubuhi, aliinama penye kipimamvua cha kituo cha hali ya hewa, akamimina maji kwenye kioo chenye mistari, akasoma, akaandika daftarini na kutia sahihi. Siku ya jua kali aliandika sifuri na kutia sahihi vilevile. "Sifuri nayo ni habari," alisema. "Mali bila daftari hupotea bila habari, na mvua ni mali." Walipomuaga alipostaafu walimpa kipimamvua cha kwake, akakisimika nyuma ya nyumba, na saa tatu yake haikubadilika.

Kituoni ndiko walikokutana. Siku hiyo mvua ilimwagika kama imefunguliwa bomba, na mwalimu mmoja kijana akaja mbio kujikinga, viatu mkononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kope. Mpima mvua akafungua mlango akasema, "Ingia, Mwalimu, utalowa." Miaka arobaini alitaniwa kwa neno hilo. Mtaalamu mzima wa mvua, asiyemjua aliyelowa!

Sasa Mzee Mvua alikuwa anasahau. Ilianza na miwani, kama inavyoanza kwa kila mtu. Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye aliyemshika mkono mpaka nyumbani. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliwaambia bila kuzunguka kwamba kilichokwenda hakitarudi, na kilichobaki kitaondoka kidogo kidogo. Akampa dawa. Akamwambia, "Na uandike, mzee wangu. Andika unachotaka kukishika, tena uandike mahali usipopapoteza." Mzee Mvua alianza madaftari matatu, na yote matatu akayaficha vizuri mno. Hadi leo hayajaonekana.

Bi Chanzo hakulia pale hospitali. Kitu kimoja tu kilimtisha, na alikijua kwa umbo lake kamili: asubuhi ambayo mumewe atamtazama na kumuuliza yeye ni nani. Mengine yote angeyabeba, kumtafuta barabarani, kumfunga vifungo, kumjibu swali lile lile mara tisa. Hilo moja aliomba lisimfike.

Na alikuwa na faraja yake. Tangu watoto wazaliwe mumewe alimwita "mama watoto", lakini miezi miwili hii alikuwa amerudia lile jina la zamani. Siku ya kwanza alipopokea kikombe na kusema "Asante, Mwalimu," Bi Chanzo alikimbilia jikoni akacheka peke yake, kifuniko cha birika mkononi, mwanamke wa miaka sitini na saba. Akampigia binti yake simu. "Baba yako ananichumbia upya," alimwambia.

Wakati huo huo ndipo mharibifu alipoingia.

Ukurasa alioushambulia uliitwa "Kipimamvua". Ulikuwa ukurasa wa kwanza Bi Chanzo kuuandika katika maisha yake, mumewe akiwa kando yake akimwelekeza, yeye akisaka vitabu vya kuthibitisha kila neno la mumewe, mpaka mzee wa watu akauliza kama wameoana au wako mahakamani. Aliupenda ukurasa huo. Na sasa kila asubuhi alimkuta mtu ameuchezea, mtu asiyejisajili. Mtu wa namna hiyo hana jina, hutambulishwa kwa tarakimu ndefu za anwani yake ya mtandao, na Bi Chanzo hakuwa na muda wa kukariri tarakimu za wahuni.

Juu kabisa, kabla ya maelezo yote, mhuni aliandika: "Leo: sifuri."

Bi Chanzo akahisi ni mwanafunzi aliyeanguka hesabu anayemalizia hasira zake kwenye elimu ya wengine. Chini ya badiliko hilo aliona yapo mengine mawili matatu ya mtu huyo huyo. Hakuyafungua. Ukionja chumvi ya mchuzi huhitaji kumaliza sufuria nzima. Akabonyeza kitufe, akaandika sababu: "Upuuzi. Hakuna chanzo." Kesho yake tena: "Leo: sifuri." Akabonyeza. Keshokutwa, sifuri tena. Siku kumi na nne mfululizo yeye na huyo mtu walikwenda hivyo, na hasira ikampanda mpaka akamwachia onyo: "Wewe usiye na jina, hapa si ukuta wa choo cha shule. Watu wanautegemea ukurasa huu. Ukirudia nitakufungia nje."

Alhamisi asubuhi akakuta ujumbe wa faragha. Ulitoka kwa mkabidhi mwenzake, kijana wa nchi nyingine aliyejiita Kiberiti, mwenye adabu kuliko jina lake.

"Shikamoo Bi Chanzo. Nimeona unavyosumbuliwa kwenye Kipimamvua, nikataka nikusaidie kuifungia ile anwani. Kabla ya kufunga huwa naangalia imefanya nini kwingine. Mwezi uliopita anwani hiyo hiyo ilisahihisha mkato kwenye ukurasa wako binafsi, na dakika moja baadaye ukaandika kwa jina lako, 'samahani, nilisahau kuingia kwenye akaunti.' Anwani hii ni ya nyumbani kwako. Wenzetu wawili wameshaiona. Mmoja anasema wapo watu wanaochoma nyumba ili wasifiwe kwa kuizima. Mimi sijasema hivyo, na sitaki kuamini. Nakuomba unieleze kabla ya saa sita mchana."

Bi Chanzo alisoma mara mbili. Miaka sita ya kuwauliza watu chanzo, na leo chanzo ni yeye! Aliwaza jirani labda amejiunga na mtandao wake kwa wizi. Aliwaza mdudu wa kompyuta. Kisha akawaza kwa utaratibu, kama alivyowafundisha watoto wa watu kuwaza: ndani ya nyumba hii wako wangapi? Wako wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotangulia, na kwa hao hakuuliza chanzo.

Alitoka pole pole hadi barazani nyuma. Mzee Mvua alikuwa ametoka kusoma kipimamvua chake. Amekaa kwenye benchi na kile kishikwambi alichonunuliwa na binti, ambacho kila kikiwashwa hufungukia ukurasa mmoja tu, ule wa Kipimamvua, ili baba ajifurahishe. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, taratibu, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo.

"Unaandika nini, baba watoto?"

Mzee akafunika kioo kwa kiganja. "Daftari."

"Daftari gani?"

"La daktari. Si alisema niandike mahali nisipopapoteza? Yale ya karatasi yamenikimbia." Akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya ukoo. "Hili halipotei. Kuna mtu anakuja kila siku ananifutia. Mkali huyo, sijapata kuona! Lakini si ulisema mwenyewe kwenye simu? Humu hata mtu akifuta, hakuna kinachopotea, kila toleo limehifadhiwa chini."

Alisema kweli. Bi Chanzo alimweleza binti yake hivyo, kwa majivuno, na mzee alikuwa hapo hapo akinywa chai.

"Nilisema," akajibu.

"Basi. Mwache afute. Mimi naandika, yeye anafuta, daftari linashika. Kila mtu na kazi yake."

Bi Chanzo alirudi mezani. Akafungua historia ya ukurasa, na akafanya kile alichowahubiria wengine miaka sita bila kukifanya yeye: alifungua mabadiliko moja moja, akasoma kabla ya kuhukumu.

Kila siku ilianza na kipimo, kama daftari la kituoni. Leo: sifuri. Ni kweli, ulikuwa mwezi wa kiangazi, halikuanguka tone. Na chini ya sifuri yalikuwapo yale ambayo kitufe chake kilikuwa kikiyazoa bila kuyatazama.

"Ufunguo wa stoo uko nyuma ya saa ya ukutani."

"Kidonge cheupe asubuhi. Cha njano baada ya kula jioni. Ukiwa huna hakika usirudie, uliza."

"Binti asiambiwe yote. Ana kichanga, atakosa maziwa kwa kulia."

"Kinyozi ni mtu mwema. Nyumba yetu ni ya mlango wa kijani."

"Milimita themanini na saba, kipimo kikubwa kuliko vyote nilivyoandika, ni siku alipokuja kujikinga. Viatu vilikuwa mkononi. Nilikosea kusema atalowa."

Hapo Bi Chanzo alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Katika ukurasa wa onyo, chini ya maneno yake makali, aliona jibu la siku nne nyuma ambalo hakuwahi kulifungua: "Samahani ndugu. Sina nia mbaya. Naandika nisije nikasahau. Mke wangu anaielewa sana kazi hii, nitamwomba akueleze."

Lilibaki badiliko moja. Lilikuwa la zamani kuliko yote, la siku ya kwanza, lililofutwa kwa mpigo wa kwanza.

"Mwanamke mwenye miwani anayekaa meza ya mbele ni mke wangu. Siku nyingine jina lake halinijii kabisa. Usimuulize, ataumia. Mwite Mwalimu."

Kumbe lile jina la uchumba lililomchekesha jikoni lilikuwa fimbo ya kipofu. Miezi miwili mumewe alikuwa akimpapasa kwa neno hilo moja, akimlinda asijue, na yeye akimpigia binti simu kujisifu. Akalia sasa, kilio cha hospitali na cha siku zote zile, huku amejiziba mdomo kwa upande wa kanga ili barazani kusisikike. Aliona uchungu, na ndani ya uchungu huo aliona amependwa kupita alivyojua. Lakini kilichomchoma zaidi ni lile neno lililorudiwa mara kumi na nne kando ya kila kipande cha maisha alichokifuta, tena kwa jina lake: upuuzi.

Alikuwa na funguo. Angeweza kuyarudisha yote na kuufunga ukurasa, na kwa saa chache ulimwengu ungesoma kwamba nyumba yao ni ya mlango wa kijani. Alitamani. Lakini mahali fulani kulikuwa na mtoto mwenye kazi ya shule ambaye kesho angeutafuta ukurasa huo ajue mvua inapimwaje, na asingejua afanye nini na kidonge cha njano. Tena mumewe, katika miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kuongeza tone moja kwenye daftari la mvua ili kumfurahisha mtu. Bi Chanzo aliufunga ukurasa ukiwa msafi, usihaririwe na asiyejisajili. Kisha akamwandikia Kiberiti.

"Marahaba mwanangu. Anwani ni ya kwangu. Mwandishi ni mume wangu, anapoteza kumbukumbu, na alidhani hapo ndipo mahali pasipopotea kitu. Mfutaji ni mimi, na nilifuta bila kusoma. Kosa langu ni kubwa kuliko lake. Waambie wenzetu hivyo hivyo. Kile kitufe nakiweka chini mpaka nijifunze upya kusoma."

Jibu lilikuja kabla ya saa sita. "Nimewaambia. Aliyesema habari za kuchoma nyumba anaomba radhi, ameshindwa kuandika mwenyewe. Matoleo yote ya mzee yapo kwenye historia na hakuna atakayeyagusa. Msalimie."

Alasiri hiyo Bi Chanzo alileta daftari la kurasa mia mbili, jalada gumu. Alilitoboa pembeni, akalifunga kwa kamba imara kwenye mguu wa benchi. Mzee Mvua akaitazama ile kamba.

"Unaliweka mahabusu?"

"Madaftari matatu yametoroka nyumba hii. Hili halitoroki."

Akamsomea yote kutoka kwenye historia, na mzee akaandika kwa mkono wake, kwa ule mwandiko wake wa tarakimu zilizosimama wima, na kila mstari akautia sahihi kama kituoni. Ufunguo, sahihi. Kidonge, sahihi. Walipofika kwa mwanamke mwenye miwani kalamu ikasimama.

"Hilo uliliona?" aliuliza mzee, macho chini.

"Nimeliona."

"Sikutaka uumie."

"Najua. Liandike. Ila hapo pa 'usimuulize' si kweli, pasahihishe. Andika: ukisahau, mwulize."

Akaandika. Bi Chanzo akachukua kalamu, na chini ya mstari huo akaweka tanbihi: "Chanzo: mimi, mkewe. Nilikuwapo."

Mvua za kwanza zilikuja mwezi uliofuata, zikaandikwa, zikatiwa sahihi. Jina la Mwalimu liliendelea kuitwa barazani, na Bi Chanzo aliliitikia kila mara, ijapokuwa sasa alijua bei yake.

Ikafika Jumatano moja ya jua jeupe. Mzee Mvua alisoma kipimamvua, akarudi kwenye benchi, akaandika sifuri. Bi Chanzo akamletea chai. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akamtazama usoni kwa heshima anayopewa mgeni, na akauliza, "Samahani, mama. Wewe ni nani?"

Basi likawa limefika, lile aliloomba lisifike, na chai bado ina moshi. Lakini hakukimbilia jikoni. Aliinama akavuta kamba, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaliweka magotini kwa mumewe na kumwonyesha mstari.

Mzee akasoma kwa kidole. Mwanamke mwenye miwani. Akaitazama ile miwani. Akasoma tena mpaka mwisho, kwenye tanbihi.

"Chanzo ni wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Nilikuwapo."

Mzee akatikisa kichwa, mtu wa kazi asiyedanganyika. "Chanzo kimoja ni tetesi."

Bi Chanzo hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili kidogo kidogo. "Na huo mwandiko," akasema, "ni wa nani?"

Mzee Mvua aliinamia ukurasa. Akaiangalia sahihi ya kando ya mstari, kisha akafunua kwenye sifuri ya leo, ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, akaiangalia sahihi hiyo. Akarudi nyuma, akaenda mbele, mara tatu, bila haraka. Kuku walichakura penye kipimamvua.

"Huu ni wangu," akasema mwishowe. "Mimi sijawahi kuandika kitu ambacho sikukipima."

"Hujawahi."

"Basi vimekuwa viwili."

Akalifunga daftari. Akajisogeza pembeni mpaka nusu ya benchi ikawa wazi, akaipangusa kwa kiganja.

"Njoo ukae huku, Mwalimu," akasema, "utalowa."

Jua lilikuwa linawaka. Bi Chanzo alikaa.